Chama kina pesa, somo liko wapi?

Chukua chupa ya glasi iliyokauka vizuri. Tia ndani vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, kisha ongeza mahindi yaliyopukuchuliwa hadi kama thuluthi ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, uiache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu, yarudishwe juani. Ikibaki chini bila kunata, yatie guniani. Somo hilo zima halimalizi nusu saa, halitaki umeme wala cheti, na vifaa vyake vimo katika kila jiko kuanzia Kibwezi hadi Kondoa.

Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaomea kwenye nafaka yenye unyevu. Hushambulia ini. Haimwonyi mlaji, na kuchemsha githeri au kusonga ugali hakuiondoi. Waliochunguza mkasa ule walikuta kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa familia zilizohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Wala asidhani mtu kwamba ulikuwa uzembe. Aliyetoka katika njaa huvuna mapema, na akishavuna huyaingiza mahindi chumbani anamolala, kwa sababu nje kuna mvua isiyo ya msimu na kuna wezi. Mama alifanya lililokuwa la busara kwa kadiri ya alichokijua.

Kinachoniuma ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa limeshajulikana. Mwaka 1981, katika Machakos ya wakati ule, watu 20 waliugua maradhi hayohayo na 12 wakafa. Madaktari walitambua chanzo, wakaandika, jarida la kitabibu likachapisha. Ikapita miaka 23. Na hata baada ya msiba wa 2004, mwaka 2016 watu 68 waliugua Dodoma na Manyara, Tanzania, 20 wakafariki. Ujuzi ulikuwepo maabara na ulikuwepo wizarani. Jikoni haukufika.

Ungefikaje? Redio husaidia, lakini redio haimshiki mtu mkono ikamwonyesha. Baraza la chifu huhudhuriwa zaidi na wanaume, na mwenye kuanika mahindi, kuyapepeta na kuyapeleka kinuni kwa kawaida ni mwanamke. Katika kila kijiji cha nchi hii ipo njia moja inayoelekea moja kwa moja kwake, nayo ni kikundi cha akina mama. Ninachotaka kusema leo ni kwamba tumekiacha kikundi hicho kiwe mfuko wa pesa peke yake, na tumesahau kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundishana.

Kila anayeishi Kenya anakijua chama. Tanzania wana kikoba na upatu. Siku ya zamu, mwenye nyumba ameshapika chai tangu adhuhuri. Daftari linafunguliwa, majina yanaitwa, anayechelewa anatozwa faini, na simu ikilia katikati ya kikao mwenyewe anatozwa pia. Mwekahazina anahesabu pesa mbele ya macho ya wote. Aliyekopa anaeleza amefikia wapi. Hapa pamenunuliwa sufuria, blanketi, matangi ya maji na ng'ombe wa maziwa. Hapa pamelipwa karo za watoto ambao leo ni wahandisi na wauguzi. Hapa mfiwa amechangiwa jeneza kabla jua halijatua. Sioni taasisi nyingine, ukiondoa nyumba za ibada, inayohudhuriwa kwa uaminifu kama huo. Benki zilipowakataa akina mama wasio na hati ya shamba, walijifanyia benki.

Lakini sikiliza ajenda: michango, mikopo, zamu inayofuata, harusi, mazishi, mengineyo. Watu 20 au 30 wenye kuaminiana wamekaa pamoja kwa saa tatu, kisha wanaagana bila yeyote kuondoka na jambo jipya la kwenda kulijaribu nyumbani. Mwezi ujao vilevile.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na historia yenyewe inafaa kuelezwa kwa kina kwa sababu inaanzia mbali. Mwaka 1907, Anna T. Jeanes, mama mmoja wa Philadelphia wa madhehebu ya Quaker, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi kusini mwa Marekani. Mwaka uliofuata, kaunti ya Henrico huko Virginia ilimteua Virginia Randolph, mwalimu aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, kuzunguka shule za weusi za kaunti hiyo na kuwasaidia walimu wenzake. Randolph hakuishia darasani. Alipanda miti, akapaka shule chokaa, akafundisha kushona na kulima bustani, akawakusanya wazazi wajifunze usafi na waichangie shule yao. Walimu wa namna yake wakaitwa walimu wa Jeanes, wakaenea majimbo ya kusini. Walifanya kazi katika nchi iliyowatenga kwa rangi, ambamo hata fedha za ugani zilipotengwa kwa sheria ya mwaka 1914 ziliwafikia weusi kwa matone, na klabu zao zikawa mbali na za weupe hadi miaka ya 1960.

Mfano huo ulivuka bahari. Mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ili kuwaandaa walimu wa Kiafrika watakaorudi vijijini kufanya kama alivyofanya Randolph. Mwalimu alikuja na mke wake. Waliishi katika nyumba za uwanjani hapo, na mke alisomeshwa pia: malezi ya mtoto, chakula, usafi, ushonaji. Wazo lilikuwa kwamba nyumba yao huko waendako iwe mahali pa jirani kuja kutazama na kuuliza. Uwanja huo wa Kabete baadaye ukawa chuo cha kuandaa watumishi wa serikali, na ndicho leo kinachoitwa Kenya School of Government. Sijui ni maafisa wangapi wanaopita pale kwa kozi zao wanaojua kwamba ardhi ile ilianza kwa kufundisha mume na mke namna ya kulea kijiji.

Ndipo hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, viongozi wa klabu za Maendeleo ya Wanawake walipopelekwa kupata mafunzo. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1952, likisukumwa na idara ya serikali ya maendeleo ya jamii na wanawake wa Kizungu waliokuwa na uwezo na nafasi. Kiongozi wa klabu alifundishwa kozi fupi, akarudi kwao, akawafundisha wenzake: kumwogesha mtoto mchanga, kumpikia uji wenye lishe, kuchimba shimo la taka, kushona nguo, kusoma na kuandika. Kufikia katikati ya miaka hiyo klabu zilikuwa mamia na wanachama makumi ya maelfu.

Mwaka ule wa kuanzishwa ndio mwaka ilipotangazwa Hali ya Hatari, na ni lazima lisemwe bila kuficha. Serikali ya kikoloni iliziona klabu hizo kama njia ya kuwatenga wanawake na Mau Mau. Tangu 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, na humohumo klabu zikaendeshwa. Mwanamke aliyejiunga aliweza kupunguziwa kazi za shokoa. Aliyekataa alichimba mtaro. Klabu ziligawa maziwa na uji kwa watoto ambao njaa yao ililetwa na siasa ya serikali hiyohiyo. Bibi anayekumbuka nyakati zile akisema hataki kusikia jina la Maendeleo, ana haki yake, na hakuna hoja yangu itakayomfuta machozi.

Hata hivyo wanawake walikichukua chombo kilichoundwa kwa nia ya mwingine wakakifanya chao. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza shirika. Mwaka 1979 aliingia bungeni kwa kiti cha Karachuonyo, na mwaka 1997 akawasilisha hoja ya kuwatengea wanawake nafasi katika uongozi, hoja iliyokataliwa wakati ule na ambayo kiini chake kimo katika Katiba ya 2010. Baada ya Uhuru, huko Mkoa wa Kati, vikundi vya mabati vilivuma: wanachama walichanga, wakaezeka nyumba ya huyu kisha ya yule, nyasi zikaondoka paani, maji ya mvua yakaingia kwenye mapipa. Watu husimulia vikundi vile kama hadithi ya pesa za kuzungushana. Ilikuwa vilevile hadithi ya elimu. Mtu haweki bati, mfereji na tangi bila kufundishwa na aliyetangulia kuweka, wala hanunui ng'ombe wa gredi bila kujua dawa ya kupe na kiasi cha kumlisha. Wangari Maathai alipoanza upandaji wa miti mwaka 1977 kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake, alikuta vikundi vya namna hiyo vimeshajipanga. Akina mama wasio na diploma ya misitu walijifunza kuokota mbegu za miti ya kienyeji, kuziotesha makoponi na kuhesabu miche iliyoshika, na wakawa walimu wa majirani zao.

Kisha siasa ikaingia na viatu vyake. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake liliunganishwa na chama tawala, likaitwa KANU-Maendeleo ya Wanawake. Uchaguzi wake wa 1989 uligeuka uwanja wa wakubwa, wengi wao wanaume, kupima nguvu zao wilayani. Vyama vingi viliporudi, shirika likajitenga tena na KANU, na liko hadi leo. Mambo ya namna hii hayakutokea Kenya peke yake. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vikundi vyao vya ngoma kabla Bibi Titi Mohamed hajawaita kuingia TANU mwaka 1955, na UWT, umoja wa wanawake uliozaliwa 1962, imekuwa tangu hapo jumuiya ya chama tawala. Zipo kazi njema zilizofanyika kwa njia hiyo. Lakini klabu inayomtazama mbunge kwanza huanza kupima mkutano kwa idadi ya vitenge na wingi wa vigelegele, na mwalimu aliyekuja na somo lake huombwa awe mfupi kwa sababu mheshimiwa yuko njiani.

Pigo la pili halikupigiwa kelele. Katika miaka ya 1990, serikali zetu zilipobanwa na masharti ya mikopo zikaacha kuajiri, maafisa wa kilimo na wa sayansikimu waliokuwa wakizunguka kwa pikipiki walistaafu bila kurithiwa. Tangu 2013 kazi hiyo imo mikononi mwa kaunti, na ziko wadi ambazo mkulima kijana hajawahi kumwona afisa wa kilimo kwa macho. Kikundi kilibaki, mwalimu akaondoka. Nafasi aliyoiacha ikajazwa na kitu pekee ambacho kikundi kingeweza kujiletea, yaani pesa ya wanachama wenyewe.

Tanzania inao mfano ambao ningependa kila gavana wetu ausome. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wazima wapatao milioni mbili, wanaume kwa wanawake, walikutana katika vikundi kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kujadili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi. Kilichoifanya kampeni ile iwe kubwa ni hatua iliyofuata mjadala, kwa kuwa kikundi kiliamua la kufanya na kikalifanya. Malaria ikizungumzwa, watu wanafukia madimbwi na kufyeka nyasi. Kuhara damu na minyoo vikizungumzwa, wanachimba vyoo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Serikali ilitoa vitabu, redio na mafunzo ya viongozi. Wananchi walitoa muda, mikono na uamuzi. Kila upande ulitoa ulichokuwa nacho.

Mgawanyo huo ndio unaonivutia pia katika klabu za akina mama wa nyumbani za jimbo la Kentucky, Marekani, ambazo hufanya kazi bega kwa bega na idara ya ugani ya University of Kentucky. Afisa wa kaunti analipwa mshahara. Anawafundisha viongozi wa klabu somo la mwezi, nao, kwa kujitolea, wanalipeleka kwa wenzao: bajeti ya nyumba, kuhifadhi chakula, kumtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu. Tangu 1977 akina mama hao wamekuwa wakichangia utafiti wa saratani ya ovari, wakianzia dola moja kwa mwanachama, na michango yao imepita dola milioni moja. Mwaka 1987 chuo hicho kilianza kuwapima wanawake saratani hiyo bila malipo, na makumi ya maelfu wameshapimwa. Akina mama waliokutana kujifunza upishi na ushonaji walijenga, dola kwa dola, kitu ambacho wizara nyingi zimeshindwa kukijenga.

Kwa hiyo nina neno na wale wanaodharau somo la jiko. Wasomi wetu wengi husema klabu hizi ziliwafungia wanawake katika vitambaa vya meza na keki. Pale ambapo mtu alifundishwa kufuma ua huku ardhi yake ikichukuliwa, wana hoja. Lakini jiko ndilo linaloamua ini la mtoto litakuwaje, damu ya mjamzito itatosha au haitatosha, sukari ya baba itapanda au itashuka. Kulifundisha jiko kwa sayansi halisi hakumfungi mwanamke. Kinachomfunga ni kuachiwa jukumu lote la uhai wa familia bila kupewa ujuzi wa kulibeba.

Dai lingine nalikubali zaidi: kwamba neno kujitolea limekuwa mlango wa serikali kukwepa wajibu. Mwanamke huyuhuyu anayechota maji, anayelima na kuuguza, anaombwa tena awe muuguzi wa kijiji bure. Wahudumu wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi kwa shukrani tupu, hadi mwaka 2023 serikali ya kitaifa na kaunti zilipokubaliana kuwalipa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, kila upande nusu. Ni kidogo, lakini ni kukiri kwamba kazi ni kazi. Sitaki chama kigeuzwe zahanati. Nataka kikutane na mtu anayelipwa kwa kufundisha, kisha wanachama wajitolee kwa kile wanachokiweza bila kuumia, ambacho ni kupokezana walichojifunza. Palipokosekana huyo mmoja anayelipwa, kujitolea kwa wengine wote kumechoka na kuisha.

Na wanaume? Somo lisipewe jina la akina mama likabaki kwao. Mume anayejua kwa nini mahindi yakauke juu ya turubai badala ya udongo mtupu hatamharakisha mkewe ayatie guniani ili yauzwe kesho. Kikundi kikialika waume na vijana wa kiume kwa masomo machache ya mwaka, hakitapoteza chochote, na daftari la pesa litabaki mikononi mwa wenyewe.

Namna ya kuanza haina ugumu. Nusu saa ya mwanzo wa kila kikao, kabla daftari la pesa halijafunguliwa, kwa sababu pesa zikishaanza kuhesabiwa hakuna anayesikiliza kingine. Mwanachama mmoja achaguliwe kuwa mwenye kutafuta somo, mwenye hadhi sawa na mwekahazina. Walimu wapo zaidi ya tunavyodhani: mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, muuguzi aliyestaafu, binti aliyemaliza chuo cha kilimo na bado anatafuta ajira, mzee anayejua miti. Kila somo liishe kwa jambo moja la kufanya kabla ya kikao kijacho, na kikao kijacho kianze kwa kuulizana nani amelifanya na limempeleka wapi. Vikundi kumi vya wadi moja vikiungana, vina nguvu ya kudai afisa kutoka kaunti aje mara moja kwa mwezi kuwaandaa wenye kutafuta masomo.

Agosti 2027 tuna uchaguzi, na misafara imeshaanza. Wagombea wanafika kwenye vikundi na mahema, viti vya plastiki na bahasha, wakisema wanawawezesha akina mama. Kikundi kiamue chenyewe kama kinapokea au kinakataa. Lakini kila anayetaka ugavana aulizwe, mbele ya katibu mwenye kalamu: katika bajeti yako ya kwanza umetenga mishahara ya maafisa wangapi wa kilimo na wa sayansikimu, na wa wadi yetu atafika mwezi gani?